Ugali wa Njano Kwenye Matongo ya Bibi

Mtu wa kwetu Mara akikuambia anakwenda kwenye itongo, usidhani anakwenda porini tu. Itongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu. Watu wakahama, nyumba zikaanguka, nyasi zikaota, lakini pale hapajasahauliwa. Yakiwa mengi tunasema matongo. Utayajua kwa minyaa iliyosimama kwenye mstari ambao hakuna mbuzi anayezuiwa nao tena, na kwa majani yanayoota mabichi kuliko mengine mahali palipokuwa na zizi. Na kwenye vilima vya upande wa Butiama, utayajua kwa kuta za mawe.

Kuta hizo zilijengwa bila udongo na bila saruji. Jiwe kubwa lilitangulia chini, likafuata la wastani, kisha vijiwe vya kuziba matundu. Inaonekana kazi rahisi mpaka uijaribu. Siku moja jaribu kupanga mawe machache tu mpaka kifuani mwako, yasitikisike. Yatakuangukia mara kadhaa, usikate tamaa. Baada ya hapo mikono yako yenyewe itaanza kuchagua jiwe kabla ya macho. Wazee wetu walijenga hivyo kuzunguka mji mzima, kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, wakaacha lango moja tu, fupi, la kupita ukiwa umeinama. Mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa ndani ya ukuta mmoja wa namna hiyo. Aliolewa akatoka, na miaka iliyofuata watu wote waliteremka kutoka kilimani, kwa sababu wezi walipungua na mashamba mazuri yalikuwa chini. Hakurudi tena. Kwanza alikuwa na watoto wadogo, baadaye alikuwa na wajukuu, na mwishowe alihamia kwangu Musoma, mtaa wa Kamunyonge, nilipokuwa nafundisha shule ya msingi. Alipofika kwangu macho yalikuwa yameanza kumwacha.

Daktari wa macho alipita mjini mara moja, akamtazama kwa tochi, akaniita pembeni. Alisema si mtoto wa jicho peke yake, nyuma yake kuna ugonjwa mwingine, na kwamba mwanga uliobaki ni wa kutumiwa vizuri kwa sababu hautaongezeka. Nilipomweleza Bibi, kwa upole kadiri nilivyoweza, alisema kama mtu anayeagiza kitu dukani:

“Basi nataka kuliona lango la baba yangu.”

Hakutaka kingine. Hakulia. Ila kuanzia siku ile, kila gari lililopita barabarani alikuwa akiuliza linaelekea wapi.

Sasa lazima nieleze miaka ile ilivyokuwa, kwa ajili ya wale waliozaliwa baadaye. Maduka yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Sabuni ilikuwa habari ya kunong'onezana. Petroli ilipatikana kwa kibali na kwa bahati, na magari yaliyotembea yalikuwa ya serikali, ya misheni, na yale ambayo hukuuliza. Mvua nazo zilikuwa zimetukimbia. Kwa hiyo tulikula unga wa njano. Ulikuja kwa meli kutoka nchi za mbali, kama msaada, katika magunia yenye maandishi tusiyoyasoma. Ulikuwa mahindi kama mahindi mengine, rangi yake tu ndiyo tofauti, lakini hakuna aliyeupenda. Watu walisema kwao wanaotoa ni chakula cha mifugo. Jirani akibisha hodi wakati wa kula, unafunika bakuli kwanza, ndipo unamkaribisha. Naye nyumbani kwake alikuwa ameacha bakuli limefunikwa hivyo hivyo.

Pale Mwigobero, zinapotia nanga boti za kwenda vijiji vya ziwani, alikuwapo kijana Mwitaliano aliyetengeneza injini za boti ya misheni, na za wavuvi pia walipomwomba. Sote tulimwita Fundi. Kiswahili chake alifundishwa na wavuvi, kwa hiyo alisema kama mtu aliyezaliwa Majita, na nilipojaribu kumsahihisha alinijibu kwamba injini zinamwelewa.

Siku moja alinikuta sokoni nikinunua dagaa.

“Mwalimu, mama yangu anakuja kunitembelea,” aliniambia. “Kwetu tunakaaga jirani na magofu ya kale, nguzo na kuta za watu wa zamani sana. Yeye akifika mahali popote, kabla ya kuuliza choo anaulizaga mawe ya zamani yako wapi. Sasa hapa nitampeleka wapi?”

“Mawe ya zamani tunayo,” nilisema. “Nami nitawaongoza na kuwaeleza. Una petroli?”

“Ya kwenda na kurudi.”

“Basi kuna sharti. Bibi yangu atapanda mbele.”

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama mtoto aliyetumwa na habari njema. Bibi alikuwa uani akichambua maharage kwa vidole. Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchambua.

“Sitakwenda,” alisema.

Nilidhani hakunisikia. Alinisikia vizuri. Katika ukoo wetu, binti aliyeolewa hapiti lango la baba yake mikono mitupu. Anabeba chakula cha unga kilichopikwa, na kipande cha kwanza anakiweka kwenye mafiga ya mama yake. Hata kama mama amekufa. Hata kama nyumba imeanguka, maana nyumba huanguka lakini mafiga hubaki yamekaa palepale, mawe matatu yakitazamana.

“Bibi, si tutabeba ugali?”

“Ugali upi?”

“Huu tulio nao.”

“Huu wa meli.” Aliinua uso, akaniangalia upande nilipokuwa, ingawa si machoni kabisa. “Mke mwenzangu, baba yangu alilima ulezi mpaka mgongo wa kilima ukawa mwekundu. Nimrudie baada ya miaka yote hii na unga wa kuomba?”

Aliniita mke mwenzangu tangu nikiwa mdogo, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Alipolitumia neno hilo bila kutabasamu, nilijua hakuna mjadala.

Nikatafuta ulezi. Nilizunguka soko lote la Mwigobero, nikakuta muhogo, viazi vikavu, na wauzaji walionicheka kwa huruma. Nilikwenda Bweri, ambako siku zile kulikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba, kwa mwalimu mwenzangu ambaye mama yake alikuwa mkulima hodari. Mama yule alinionyesha kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi. “Upo,” alisema, “lakini ni mbegu.” Sikuomba. Mbegu haiombwi.

Nilirudi mikono mitupu, nikamweleza Bibi. Asubuhi, nikiwa nachemsha uji, alinena kutoka kitandani:

“Nikingoja ulezi, macho hayatangoja. Tutakwenda. Ila sitaingia. Nitasimama nje ya lango nitazame. Aliye nje haulizwi amebeba nini.”

Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake:

“Na wageni wasiuone ule wa njano. Watafutie mkate. Wetu ufunike vizuri, tutakula sisi wawili nyuma ya jiwe.”

Nilipata mkate baada ya kusimama kwenye foleni tangu kabla ya jua, na nilishukuru ingawa ulikuwa mgumu kiasi cha kugongea msumari. Jioni ya Ijumaa nilisonga ugali wa njano, mgumu ili usafiri, nikaufunga kwa majani ya mgomba na kitambaa, nikaulaza chini kabisa ya kikapu. Juu yake nikaweka chumvi, juu yake vikombe, na juu kabisa mkate, ukionekana.

Mama yake Fundi alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye mikono mipana na viatu vya kazi. Nilikuwa nimemtarajia mtu wa kofia na miwani ya jua. Alishuka garini akamsalimia Bibi kwa kumshika mikono yote miwili, akaishikilia, akaipapasa kama mtu anayekagua kitambaa. Kisha akamwambia mwanawe jambo.

“Anasema hii ni mikono ya kazi,” Fundi alitafsiri. “Anasema na yake pia.”

“Mwambie aketi,” Bibi alisema. “Na wewe, mume wangu, endesha taratibu. Mifupa yangu ni ya mkopo.”

“Mimi ni mume wako tangu lini?” Fundi aliuliza.

“Tangu ulipoleta gari.”

“Nilikuwaga nakutafuta wewe siku zote. Basi mahari nimeshalipa kwa petroli.”

Alimtafsiria mama yake. Mama alicheka mpaka akafuta macho, kisha akajibu kwa maneno mengi, akimnyooshea Bibi kidole. Alikuwa amesema kwamba kama mwanawe ndiye mume, basi yeye ni mamamkwe, na mamamkwe wa kwao hukagua jiko kabla ya kukubali ndoa.

“Jiko langu,” Bibi alisema polepole, “ndiko tunakokwenda.”

Tulikuwa tumepitia Mwigobero asubuhi kununua furu wabichi, samaki wadogo wa ziwa letu ambao siku zile walikuwa wameanza kuadimika kwa sababu ya sangara. Mama alikuwa amebeba kikaango cha mwanawe na chupa ya mafuta aliyoileta sandukuni kutoka kwao, ameifunga kwa fulana za sufu. Alitaka kukaanga samaki huko kilimani. Nilifikiri ni desturi ya wageni, kula nje kama wachungaji.

Barabara ilikuwa na mashimo yenye umri. Tulipita miamba iliyobebana, jiwe juu ya jiwe, kama watoto wanaocheza, na Bibi aliuliza kila mara tulipo. Nilimtajia: mto uliokauka, mwembe wenye kanisa, kona ya mnada. Akawa anapanga njia kichwani mwake. Kabla ya Butiama tuliacha barabara kuu, gari likapanda njia ya ng'ombe mpaka lilipogoma. Kutoka pale tulitembea. Mama alimshika Bibi upande mmoja, mimi upande mwingine, Fundi akabeba kikapu na kikaango.

Ukuta ulikuwapo. Nilishusha pumzi, maana nilikuwa nimeogopa kuwa watu wamechukua mawe kujengea. Upande wa magharibi ulikuwa umebomoka, lakini upande wa lango ulisimama, mweusi kwa jua na kuvu, na lango lenyewe lilikuwa palepale, na jiwe lake refu la juu likiwa limelala sawasawa kama lilivyowekwa.

“Tumefika, Bibi. Lango liko mbele yako.”

Alijiondoa mikononi mwetu. Alisimama wima kuliko nilivyowahi kumwona, akakaza macho. Upepo ulivuma kwenye nyasi.

“Wapi?” aliuliza.

“Hapo hapo mbele. Lile jiwe la kulala juu.”

Aligeuza kichwa kidogo kulia, kidogo kushoto, kama kuku anayetazama punje.

“Naona ukungu,” alisema.

Ilikuwa saa za mchana, jua kali, hakuna ukungu wowote. Ukuta ulikuwa wa kijivu, nyasi kavu zilikuwa za kijivu, na mbele ya macho yake vyote vilikuwa kitu kimoja.

“Sogea, Bibi. Ukikaribia utaliona. Ukiligusa je?”

“Hapa ndipo mwisho wa mikono mitupu,” alisema. Akapapasa kwa mguu, akapata jiwe, akaketi akilielekea lango. “Mtembeze mgeni. Usimwache mgeni kwa ajili ya ukungu wangu.”

Nilimtembeza. Nadhani nilifanya kazi yangu vizuri. Nilimwonyesha mama jinsi ya kuinama langoni, na alama ya kulainika kwenye jiwe la pembeni, ambako mikono ya watu wote walioinama pale ilishika ili kujiinua. Nilimwonyesha duara la zizi katikati na maduara ya nyumba pembeni. Sikuhitaji kumweleza kwamba watu hawa hawakuwa wajinga. Alipapasa ukuta, akasukuma jiwe, halikucheza, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akauliza swali ambalo Fundi alilicheka kabla ya kulitafsiri.

“Anauliza wauzaji wako wapi.”

“Wauzaji wa nini?”

“Wa chakula. Kwetu, mbele ya lango la mji wa kale, kunakuwaga na watu wanakaanga vitu. Watu wanakuja kutazama mawe, wanasikia harufu, wananunua, wanakula wamesimama, kwenye karatasi. Yeye mwenyewe alikaanga pale tangu baba yangu alipokufa mpaka mimi nilipomaliza shule ya ufundi. Anasema mawe bila harufu ya mafuta ni makaburi.”

Ndipo nikaelewa kikaango na chupa.

Tulitoka. Mama alichagua mahali karibu na Bibi, akapanga mawe matatu bila kuuliza mtu, akawasha moto kwa vijiti, na kwa jinsi alivyopuliza ungedhani amekulia kwetu. Alinyoosha mkono kwenye kikapu kutafuta chumvi. Akatoa mkate, akatoa vikombe, akapata chumvi. Na chini ya chumvi akaona kitambaa.

Sikuwahi kumzuia. Alikifungua, akafungua na majani ya mgomba. Ule ugali ulikaa mapajani mwake, wa njano, mgumu, umeshika umbo la sufuria. Aliunusa. Alimega pembe akatia mdomoni, akatafuna polepole macho yakiwa kwenye ukuta. Kisha akamwita mwanawe kwa jina la utoto, neno fupi ambalo sikulijua, na Fundi mwenyewe akaja akapiga magoti na kumega.

“Kuna nini?” Bibi aliuliza. “Mbona kimya?”

Ilibidi nimwambie. “Mgeni ameona ugali wetu, Bibi. Ameuonja.”

“Ule wa njano?”

“Ndiyo.”

Bibi alijifunika uso kwa ncha ya khanga. “Mwambie samahani. Mwambie mwaka huu mvua haikuja.”

Fundi alitafsiri. Mama alijibu papo hapo, na safari hii hakucheka.

“Anauliza kwa nini mlikuwa mnaficha hiki, mkatupa sisi ule mkate wa kuvunja meno,” Fundi alisema. “Anasema hii ni polenta, ugali wa kwetu. Hiki ndicho alichokuwa anakaanga. Anakataga vipande, anatia kwenye mafuta ya moto, anatia chumvi. Mimi nimekula hiki mpaka nikawa mrefu namna hii. Anasema sikukuu ya mtakatifu wa mji wetu, watu wanapanga mstari.”

“Wanapanga mstari kwa huu?” Bibi alishusha khanga.

“Kwa huu.”

Bibi alitafakari. “Muulize kama na wao waliletewa kwa meli.”

Swali likaenda, jibu likarudi. “Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndiyo. Magunia ya msaada. Majirani waliona aibu.”

“Na yeye?”

“Anasema yeye alikuwa na mtoto.”

Mafuta yalikuwa yamepata moto. Mama alikata ugali vipande bapa, vinene kama kidole, akaviteremsha kimoja kimoja. Vilichemka pembeni vikapata ukoko. Harufu ikapanda, ikapita juu ya ukuta, na nadhani tangu watu wateremke kilima kile hapakuwahi kunukia vizuri hivyo. Alivitoa akavitandaza juu ya jiwe jeusi kubwa vipoe, akavinyunyizia chumvi. Jua la mchana lilivipiga. Vilikuwa na rangi ya alizeti.

Nyumbani Bibi alizoea kuula ugali ule ndani, jioni, kwenye mwanga hafifu, akiuelekeza mdomoni bila kuutazama. Sasa nilimwona ameinama mbele. Alinyoosha mkono, na mkono haukupapasa. Ulikwenda moja kwa moja ukakishika kipande.

“Hiki nakiona,” alisema.

Alikiinua juani.

“Na kile nakiona. Na kile. Viko kwenye jiwe jeusi.” Alihesabu kwa kidole hewani. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu ngumu. “Mke mwenzangu. Ugali huu nani alisonga?”

“Mimi, Bibi.”

“Kwa kuni za nani?”

“Zetu.”

“Na huyu mwenzangu ameukaanga kwa mafuta ya kwao, aliyoyabeba mwenyewe.”

“Ndiyo, Bibi.”

Alikigeuza kipande mkononi, kikiwa bado cha moto.

“Basi wa meli umebaki kidogo sana,” alisema. “Niinue.”

Alikwenda mpaka langoni akiwa ameshika chakula kwa mikono miwili. Hakunihitaji nimwambie ainame. Mgongo wake ulikumbuka kimo cha jiwe lile, uliinama mahali sahihi, na kiganja chake kimoja kikaenda kwenye jiwe la pembeni, palepale palipolainika. Alijiinua upande wa pili. Alisimama ndani ya mji wa baba yake akiwa na kipande cha polenta.

Kuanzia hapo si mimi niliyekuwa kiongozi wa safari. “Nyumba ya mama ilikuwa mkono wa kulia, ya tatu,” alisema. Tulitafuta kwenye nyasi, Fundi na mimi, tukifukua kwa mikono, mpaka Fundi alipoyapata: mawe matatu yakitazamana, yamezama nusu. Bibi alipiga magoti. Aliweka kipande chake katikati, akazungumza kwa lugha ya nyumbani, maneno machache ya kujitambulisha, kama mtu anavyopiga hodi. Sitayaandika, hayakusemwa kwangu.

Kisha akasema, “Leteni na vile vingine.”

Mama alileta vyote juu ya jani la mgomba. Na Bibi akaniagiza. Weka kimoja langoni, juu ya lile jiwe. Weka kingine kwenye jiwe la kusagia, litakuwa hapo mbele, lina tumbo la kuingia ndani. Weka kwenye nguzo ya zizi. Weka mlangoni kwa mke mdogo wa baba, alikuwa mkali lakini alinifundisha kusuka vikapu. Mama alielewa kabla ya kutafsiriwa. Alichukua nusu ya vipande akaenda upande wa pili, akisubiri Bibi anyooshe kidole. Tulipomaliza, Bibi aliketi kando ya mafiga ya mama yake, katikati ya ukungu wake, akatazama. Kila penye njano palikuwa mahali. Aliweza kuona umbali wa kutoka mlangoni kwao mpaka zizini. Aliweza kuona lango.

“Kumbe palikuwa padogo,” alisema. “Mimi nilikuwaga nadhani ni pakubwa kama Musoma.”

Mama alikaa chini kando yake. Bibi, bila kugeuka, aliushika mkono wake akauweka gotini pake. Walikaa hivyo muda mrefu, na wale furu tuliowasahau garini tuliwakuta baadaye wamezungukwa na nzi.

“Haya, okoteni,” Bibi alisema. “Chakula hakilali chini mwaka wa njaa. Cha mafigani kibaki, vingine tule.”

Tuliviokota, tukapuliza mchanga, tukavila tumesimama, kwenye kurasa za gazeti la zamani, kama mama alivyoagiza. Mkate tuliusahau mpaka kesho yake.

Kurudi tulizunguka kupitia Bunda, maana Fundi alikuwa na kipuri cha kumpa mtu kule, ambaye angetuongezea petroli ya kutufikisha nyumbani. Wakati tukimngoja kando ya barabara, mama alimwona mwanamke anayekaanga muhogo. Alishuka, akamwonyesha kipande kilichobaki, yule naye akamwonyesha muhogo wake, wakabadilishana, wakaonja, wakatikisiana vichwa kama mafundi wawili. “Aongeze chumvi,” Bibi alisema kutoka garini, ingawa hakuwa ameonja chochote.

Miaka ikageuka. Biashara ilifunguliwa, maduka ya Musoma yakajaa sabuni za rangi zote, na unga mweupe ukarudi mpaka tukaanza kuuchagua. Wa njano ulitoweka, na hakuna aliyeuaga. Fundi alikwishamaliza mkataba wake akarudi kwao. Macho ya Bibi yaliendelea kushuka, ila hayakuwa yamezima kabisa. Nilimpikia ugali mzuri, mweupe, kwenye sahani nyeupe, naye aliutafuta kwa vidole kama mtu aliyedondosha sindano.

Siku moja aliniuliza kama ule wa zamani haupo. Nilikwenda Mwigobero nikauliza duka baada ya duka. Walicheka: mwalimu, siku hizi kila kitu kipo, huo hakuna. Nikanunua bizari ya manjano. Nilisonga ugali, nikachanganya bizari, nikaacha upoe, nikaukata vipande nikakaanga. Nikamwekea uani, kwenye jua, juu ya jiwe jeusi la kufulia.

Mkono wake ulikwenda moja kwa moja. Alikishika kipande, akakinusa, akakaa nacho.

“Mke mwenzangu,” alisema, “umenitilia bizari.”

“Ndiyo, Bibi.”

“Utamu wake si ule.”

“Najua.”

Akala. Kisha akanyoosha kidole kwenye vile vilivyobaki juu ya jiwe, kimoja kimoja: lango, zizi, jiwe la kusagia, kwa mama.